Nimefuta ile video ya kuruka mara 200 kwa siku

Wasee, wengi mmeniuliza ile video imeenda wapi. Ile ya kuruka mara 200 kwa siku, siku 30, halafu uone vile utapaa. Nimeifuta mwenyewe. Hakuna video yangu nyingine imewahi kutazamwa kama hiyo, na bado nimeifuta, kwa sababu ilikuwa uongo.

Kama wewe ni mgeni hapa, naongea kuhusu kuruka mbali ukiwa umesimama. Hakuna kukimbia kwanza. Unasimama kwenye mstari, miguu miwili sambamba, unaruka, mtu anapima kutoka kwa mstari hadi kisigino kilichobaki nyuma. Ni kipimo rahisi cha nguvu ya ghafla, haihitaji kifaa isipokuwa tepu ya kupimia, ndio maana makocha wengi wa raga wanaipenda.

Hapo ndipo nilipatana nayo. Mwaka jana nilienda majaribio ya timu moja ya mtaa. Niliruka mita 2.08, nikaketi kando nikiangalia vijana wadogo kwangu wakipita 2.40 kama wanaruka mtaro. Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira ikazaa ile video.

Mwezi wa tatu mama mdogo akanipigia simu. Mtoto wake ana miaka 13. Alikuwa anafuata video yangu kwenye korido ya ploti yao, juu ya simiti, mia asubuhi na mia jioni. Siku ya kumi na sita akashindwa kupiga magoti kanisani. Daktari alionyesha ile nundu chini ya pia ya goti, pale kano inaposhikana na mfupa. Kwa mtu ambaye bado anarefuka, mfupa hapo haujakomaa, na kuruka kila siku kunauvuta mpaka uvimbe na kuuma. Si ugonjwa wa kutisha, kwa kawaida unapungua mtu akipumzika, lakini kupumzika kwenyewe kunaweza kuchukua wiki, hata miezi.

Mama mdogo hakunifokea. Aliniuliza tu, "Na wewe, mwanangu, ulimaliza hizo siku zote thelathini?"

Sikuwa nimemaliza. Nilirekodi siku nne kwa mchana mmoja, nikibadilisha fulana.

Sasa, najua kuna mtu atasema mtoto alizidisha, na kwamba bila maumivu hakuna matokeo. Nimesikia. Lakini hata ukiwa na miaka 25 na magoti ya chuma, mia mbili kwa siku haikufundishi kuruka mbali. Inakufundisha kuruka ukiwa umechoka. Misuli ina akiba ndogo ya nguvu za haraka, inaisha kwa sekunde chache tu za kazi ya nguvu zote, na inataka dakika kadhaa kujaa tena. Ukifika mruko wa arobaini bila kupumzika, unaruka nusu ya uwezo wako, na mwili unazoea hiyo nusu. Jasho litakuwa jingi, video itakuwa tamu, tepu haitasonga.

Baada ya ile simu niliamua kufanya tizi kwa ukweli, bila kamera. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni mikono. Jaribu leo: ruka ukiwa umeshika kiuno, weka alama. Pumzika, halafu ruka ukirusha mikono kutoka nyuma kwenda mbele kwa nguvu zote. Tofauti utaiona bila kupima. Mimi miezi yote nilikuwa natupa mikono juu baada ya miguu kuondoka chini, yaani kama mtu anayepiga kengele basi likishaenda.

Kitu cha pili ni kuegemea. Watu wengi wanaruka juu. Labda ni damu, tumekua tukiona Wamaasai wakiruka adumu, na ile inapendeza kwa sababu inaenda juu kabisa. Hii ni kazi tofauti. Unashuka haraka, si mpaka chini kama unataka kuketi kwenye ndoo, unaacha mwili uegemee mbele mpaka uhisi unaanguka, hapo ndipo unasukuma ardhi. Ile pembe ya nyuzi 45 tuliyosoma kwenye fizikia haifanyi kazi hapa, kwa sababu mwili wa binadamu unasukuma vizuri zaidi kwenda mbele kuliko kwenda juu. Wanaoruka mbali wanaondoka chini zaidi ya hapo.

Halafu kutua. Magoti juu, visigino mbele, ukigusa chini kunja magoti uendelee mbele. Ukianguka nyuma na mkono ukagusa nyasi, wanapima hadi mkono. Nimepoteza sentimita 30 hivyo na nikataka kulia.

Kwa hayo matatu pekee niliongeza sentimita 9 ndani ya wiki mbili. Sikuwa nimeongeza nguvu hata kidogo. Nguvu ilikuja baadaye, na ilikuja polepole: kuchuchumaa nikiwa nimekumbatia jerikani ya lita 20, mara mbili kwa wiki, na madondo na mayai badala ya smokie kila jioni. Kuruka kwenyewe ni Jumanne na Jumamosi, kwenye nyasi, miruko kumi na miwili tu, dakika mbili katikati ya kila mmoja. Ukipita uwanjani utadhani nimekuja kupunga upepo. Miezi mitatu, nimetoka 2.08 hadi 2.31. Bado hao vijana wa 2.40 wananishinda, sawa.

Niliposoma historia ya huu mchezo ndio nilijiona mjinga zaidi. Ulikuwa kwenye Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1912. Mfalme wake alikuwa Mmarekani anaitwa Ray Ewry. Utotoni aliugua polio, akawa kwenye kiti cha magurudumu, kukawa na hofu kwamba hatatembea tena. Alianza na mazoezi ya miguu ili asimame tu. Mwaka wa 1900 pale Paris alishinda miruko mitatu ya kusimama kwa siku moja, na mwaka wa 1904 akaruka mita 3.47. Huyo alikuwa na kila sababu ya kutaka haraka, na kazi yake ilichukua miaka.

Upande wa pili kuna Byron Jones. Mwaka wa 2015, kwenye vipimo vya wachezaji wanaotaka kuingia ligi ya NFL, aliruka mita 3.73. Soma hiyo namba tena, ni karibu urefu wa gari dogo la mtaani. Mwaka wa 2023 aliandika mwenyewe kwamba hawezi tena kukimbia wala kuruka kwa sababu ya majeraha ya ule mchezo. Sisemi mazoezi ya kuruka ndiyo yalimuumiza, ni mpira. Lakini nikimwona yeye, siwezi tena kuandika "usisikilize mwili wako" chini ya video.

Kuna wale wanaonitajia Julius Yego kila mara, ati si alijifunza mkuki kwa YouTube na 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72? Ndiyo. Lakini alikuwa anamtazama Jan Železný, mshikilizi wa rekodi ya dunia, na baadaye akaenda Finland kufanya mazoezi na kocha. Hakuwa anamtazama msee wa Nairobi akibadilisha fulana.

Kwa hivyo video mpya itakuja, na itaboesha. Itakuwa na mapumziko ndani, dakika mbili kamili, sitayakata. Kama una chini ya miaka 16 na goti linauma chini ya pia, acha kuruka na umwambie mzazi, usiniandikie mimi.

Binamu yangu bado haruki. Nimempa kazi ya kushika tepu Jumamosi, analipwa chapati mbili. Wiki jana nilipiga kelele 2.34, akainama, akaangalia kisigino changu cha kushoto, akasema, "Acha hizo. Ni 2.29."