Binti aliyechelewa na mlango wa sheria



Katika vikundi vyetu vya AVEC swali moja linarudi kila tunapogawana akiba. Binti amepata dipulome ya serikali akiwa na miaka 23, kwa sababu vita ilikimbiza jamaa, ama alizaa, ama minervali ilikosekana. Sasa anataka kwenda Bunia kusoma sheria. Ndipo tunasikia: "Huyu amechelewa. Heri tumlipie mdogo wake."

Tuangalie kama neno hilo lina ukweli.

Katika nchi yetu mtu anaingia kitivo cha sheria akitoka masekondari. Kinachofungua mlango ni dipulome ya serikali. Hakuna anayehesabu miaka uliyotumia kuipata. Wanaangalia asilimia, na vyuo vingine vinawapa mtihani wale wenye asilimia ya chini. Kwa hiyo, mwaka mmoja zaidi wa kujitayarisha vizuri unaweza kumsaidia binti kuliko kukimbilia mtihani na kuponea chupuchupu. Hata aliyeacha shule zamani anaweza kujiandikisha kwa mtihani huo kama otodidakti.

Na aliyeolewa? Tangu sheria ya 15 Julai 2016 iliyorekebisha Sheria ya Familia, mke hahitaji tena ruhusa ya bwana ili matendo yake yakubalike kisheria. Kusikilizana nyumbani ni baraka, lakini asirudishwe nyuma kwa sababu hiyo.

Sasa tuhesabu pamoja. Aanze na miaka 23: miaka 3 ya lisansi, 2 ya masta, kisha 2 ya staji ya uwakili. Anafika miaka 30. Asiposoma, miaka 30 itafika vilevile, na wajane wetu wataendelea kutafuta mtu wa kuwasemea juu ya shamba.

Hatusemi kuchelewa hakuna bei. Kwanza, anayetamani kuwa hakimu aulize mapema masharti ya umri, maana kazi ile inayo. Pili, kila mwaka wa kurudia Bunia ni kodi ya nyumba na chakula juu ya minervali. Katika mfumo mpya wa LMD mwaka una kredi 60. Asizopata zinamfuata kama deni. Afadhali ajue hivyo tangu mwanzo.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanakwama, ni makaratasi. Chuo huomba dipulome ama cheti cha kufaulu, bultini za miaka ya mwisho na cheti cha kuzaliwa. Aliyekaa miaka mingi kati ya shule na chuo, tena akikimbia mara mbili tatu, mara nyingi amepoteza mojawapo. Shule nyingine zimehama, na wakubwa wake hawaonekani.

Basi wiki hii kila mama afanye kazi moja: akusanye karatasi za watoto, azitie ndani ya mfuko wa plastiki, aache fotokopi kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Kilichopotea kiombwe sasa shuleni, wakati direkta aliyeweka sahihi angalipo.

Na kikundi kinapopiga kura juu ya akiba, tuulize asilimia, makaratasi na bidii ya binti. Umri wake tuuweke mwisho.