Mbabula ikipasuka: kutengeneza ao kununua mpya?

Mji wa Goma uko kwenye urefu wa mita karibu 1,500, na usiku wa mvua baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Ndiyo maana mbabula haipiki fufu na maharagi tu, inapasha nyumba moto pia. Ikipasuka, mama wa nyumba anajiuliza: aipeleke kwa fundi ao anunue ingine?

Wengi wanatazama kwanza bei ya mbabula. Hapo ndipo hesabu inaharibika. Mbabula hununuliwa mara moja, lakini makala yananunuliwa kila siku, tena kwa vifuko vidogo, kwa sababu franka za gunia zima hazipatikani. Udongo wa ndani ukipasuka, moto unatokea pembeni na makala yanaisha mbele ya maharagi kuiva.

Lakini ufa peke yake si sababu ya kutupa. Udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu unaziba ufa mdogo, mradi uachwe ukauke vizuri. Wavu ulioungua, fundi wa mabati anaubadilisha. Kinachoamua ni bati la nje. Likiliwa na kutu chini, ao miguu ikianza kuyumba, kutengeneza ni kutupa franka: siku moja sufuria ya maji ya moto itaanguka, na watoto ndio wanaokaa karibu.

Kwa familia zilizohama hesabu ni ingine. Tangu kambi za kando ya Goma zilipobomolewa mwezi wa pili 2025, wengi hawajui watalala wapi mwezi ujao. Mbabula ya udongo inakula makala kidogo, lakini ni nzito na inavunjika njiani. Anayejiandaa kurudi Masisi afadhali azibe ufa, anunue mpya akifika. Wanaoshauri kila mtu anunue mbabula bora wanasahau kwamba kuna wenye kuibeba kichwani.

Kuna jambo fundi hawezi kutengeneza, na mbabula mpya haliondoi: makala yanayowaka yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Familia inayofunga mlango na kulala na mbabula ndani inaweza kutoamka. Itolewe nje mbele ya kulala, hata ikionekana imezimika, maana makala yaliyofunikwa na majivu bado yanaitoa.