Haki ya Filamu Ndogo Katika Tamasha la Manila

Kila iwadiapo tarehe 25 Desemba, majumba ya sinema ya Ufilipino, tangu yale ya jiji la Manila hadi yale ya miji ya visiwa vya mbali, huziweka kando filamu za Marekani na za nchi nyingine za kigeni, na kwa muda wa siku kumi na zaidi, mpaka siku za awali za Januari, hayaonyeshi ila filamu zilizotungwa, kuigizwa na kutengenezwa na Wafilipino wenyewe. Ada hii, ijulikanayo kwa jina la Tamasha la Filamu la Metro Manila, ilianza mwaka 1975, nami ni miongoni mwa wanaoamini kuwa ni katika mambo ya busara ambayo taifa lililopata kutawaliwa na wageni, Wahispania kwanza na Wamarekani baadaye, limeyafanya kwa ajili ya sanaa yake. Wasomaji wetu wengi wa Kenya na Tanzania, ambao wamezizoea sura za waigizaji wa Kifilipino kwa sababu ya tamthilia za runinga, huenda hawajui kuwa nyuma ya sura zile upo ulinzi wa namna hii; na ulinzi huo, pamoja na sifa zake zote, una kasoro moja ambayo haifai kunyamaziwa.

Asili ya jambo hili ni ya nyuma kidogo kuliko tamasha lenyewe. Majumba makubwa ya Manila, yale yaliyokuwa yakipokea filamu mpya, yalikuwa yameshikamana na Hollywood kiasi kwamba filamu ya Kitagalog, hata ikiwa njema namna gani, ilikuwa ikiishia katika majumba ya daraja la chini. Mwaka 1966 Meya Antonio Villegas aliamua kuwa katika siku za Juni zinazoelekea sikukuu ya jiji, majumba yale yafunguliwe kwa filamu za nyumbani peke yake, na katika tamasha hilo la kwanza tuzo kuu ilichukuliwa na Daigdig ng mga Api, kazi ya mwongozaji Gerardo de Leon juu ya dhiki ya wakulima wasio na ardhi. Hivyo tangu mwanzo wake tamasha la nyumbani halikuwa la kuchekesha watu tu, bali lilithubutu kuwaambia wakazi wa mji habari za wanyonge wa mashamba.

Matunda ya Tamasha la Metro Manila, lililofuata nyayo hizo, hayakukawia. Mwaka 1976, nchi ikiwa bado chini ya amri ya kijeshi ya Ferdinand Marcos, zilionekana katika tamasha moja filamu za Ganito Kami Noon, Paano Kayo Ngayon? ya Eddie Romero na Insiang ya Lino Brocka, hii ya pili ikiwa ni kisa cha binti wa mtaa wa mafukara wa Tondo aliyedhulumiwa ndani ya nyumba ya mama yake. Nayo baada ya miaka miwili ilionyeshwa Cannes. Mwaka 1982 ikaja Himala ya Ishmael Bernal, iliyoandikwa na Ricky Lee. Ndani yake Nora Aunor ni Elsa, msichana wa kijiji kilichokaushwa na ukame, anayedai kumwona Bikira Maria. Wagonjwa wanamiminika kwake, wachuuzi wanawafuata wagonjwa, kijiji kinanawiri kwa fedha na kuoza kwa dhambi, mpaka siku anaposimama mbele ya umati wa watu wapatao elfu tatu na kukiri kuwa hakuna muujiza. Anayeitazama sura ya mwanamke yule mdogo wa umbo, macho yake makavu na sauti yake thabiti, hawezi kusema kuwa filamu ya sikukuu haina budi kuwa nyepesi. Umma wa Manila ulikwenda kuitazama Himala katika siku za Krismasi, pamoja na watoto na mashangazi.

Wakati huo wa mwaka una maana kubwa. Watoto wa Kifilipino huzuru wazazi wao wa ubatizo siku ya Krismasi na kupewa hidaya ya fedha, na fedha hizo aghalabu huishia mlangoni mwa jumba la sinema, jamaa nzima ikiwa imeandamana. Hakuna majira mengine ambapo mtu asiyekwenda sinema mwaka mzima atanunua tikiti. Ndiyo maana mwaka 2023 mapato ya tamasha yalipita peso bilioni 1, na ndiyo maana pia makampuni makubwa hugombania nafasi zake kwa nguvu zao zote.

Hapa ndipo kasoro ilipo. Filamu zote hufunguliwa siku moja, lakini wenye majumba huhesabu viti jioni ile ile, na filamu ambayo haikujaza ukumbi hunyang'anywa ukumbi wake kesho yake, ukapewa ile iliyojaza. Mwaka 2016 kamati ya tamasha iliamua kuchagua filamu zilizokwisha kamilika, kwa ubora wake, na tuzo kuu ikaenda kwa Sunday Beauty Queen ya Baby Ruth Villarama, filamu ya maisha halisi ya watumishi wa nyumbani wa Kifilipino walioko Hong Kong, ambao huitumia Jumapili, siku yao ya pekee ya mapumziko, kuandaa mashindano ya urembo. Mapato yakashuka, malalamiko yakapanda, na mwaka uliofuata filamu nne za kwanza zikateuliwa kwa miswada yake. Watu watatu wakajiuzulu katika kamati, mmoja wao akiwa Ricky Lee, yule yule aliyeandika Himala. Mwaka huo huo wa 2017, Ang Larawan, filamu ya nyimbo iliyotokana na tamthilia ya Nick Joaquin, iliondolewa katika baadhi ya majumba mara tu baada ya kufunguliwa. Ilipotangazwa kuwa ndiyo bora kuliko zote, majumba mengine yakairejesha. Kisa chake ni cha madada wawili wa Manila ya mwaka 1941 wanaokataa kuiuza picha iliyochorwa na baba yao, ijapokuwa bili za nyumba zimewalemea.

Wenye majumba wana hoja, na insafu yataka isikilizwe: umeme haulipiwi kwa sifa, wala mishahara. Lakini tamasha hili tangu hapo si soko huru. Umma wa Kifilipino umekubali kunyimwa filamu za kigeni kwa majuma mawili ili uzione za kwao. Na ikiwa ndani ya boma hilo zitabaki filamu mbili tatu za makampuni yenye mali, basi umma umenyimwa hiari yake kwa faida ya makampuni hayo, wala si kwa faida ya sanaa ya taifa. Sisi wa pwani hii, ambao majumba yetu mengi ya sinema ya zamani yalifungwa au kugeuzwa kazi nyingine kabla filamu zetu hazijapata makao ndani yake, twajua jinsi boma la namna ile lilivyo adimu, na kwa hiyo twaona uchungu likitumiwa vibaya.

Rai yangu ni kuwa kila filamu iliyoteuliwa ihakikishiwe ukumbi mmoja katika kila jumba kubwa mpaka siku kadhaa baada ya usiku wa tuzo. Ikikosa watazamaji ihamishiwe ukumbi mdogo, isifukuzwe. Tena bei itazamwe: tikiti sasa hupita peso 300, hali kima cha chini cha mshahara wa siku katika Metro Manila, kilichowekwa Julai 2024, kilikuwa peso 645, na mfanyakazi mwenye watoto watatu hawezi kuwachagulia filamu ya pili baada ya kulipia ya kwanza. Zipangwe saa za asubuhi za bei nafuu kwa zile filamu zisizo na majina makubwa, na orodha ya kumbi zilizoahidiwa kila filamu itangazwe magazetini kabla ya mkesha wa Krismasi, ili mwenye jumba atakayevunja ahadi ajulikane na wateja wake.