Wangemannshöhe Imekwenda Wapi?

Nenda stendi ya Tukuyu, ndugu msomaji, uulize gari la kwenda Wangemannshöhe. Utachekwa, kwani hata kulitamka jina lenyewe ni kazi. Lakini wakati wa Wajerumani jina hilo lilikuwa kubwa, na watu wa Berlin walitoa sadaka zao kwa ajili yake.

Mwaka 1891 wamisheni wa vyama viwili vya Kijerumani waliingia Unyakyusa kwa njia ya Ziwa Nyasa. Wamoravian walijenga Rungwe. Wale wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walijenga kituo chao cha kwanza juu ya kilima, wakakiita Kilima cha Wangemann, kwa heshima ya mkuu wao aliyekaa Berlin. Watu wa kilima kile hawakupata kumwona bwana huyo hata siku moja. Ati kilima hakikuwa na jina! Wenyeji nao walipewa jina la Wakonde. Boma la serikali likaitwa Langenburg, kwanza kando ya ziwa, kisha juu milimani: Langenburg Mpya, ndiyo Tukuyu yetu.

Majina hayo yalikuwa na maana yake. Aliyekaa katika ardhi ya misheni alikuwa chini ya sheria za misheni. Mmisheni alihubiri, akaajiri, akaamua kesi, akafukuza. Kwa watu wake alikuwa kama mfumu mwingine aliyesimama kando ya mfumu wao.

Hatusemi kuwa hawakuleta kitu. Walileta shule na dawa, na wengi wetu baba zetu walijua kusoma kwa ajili yao. Tusidanganyane katika hilo.

Tunalobisha ni hili. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulikaririshwa majina ya wamisheni na miaka ya vituo vyao, kana kwamba kazi yote ilikuwa mikononi mwao. Basi na tuutazame mwaka 1916. Waingereza waliingia kutoka kusini, na wamisheni wa Kijerumani wakakamatwa, wakapelekwa kizuizini. Waskoti wa Livingstonia waliombwa kuangalia vituo, lakini walikuwa wachache na njia ilikuwa ndefu. Wajerumani hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920.

Je, katika miaka hiyo yote nani alipiga kengele? Nani alifundisha watoto, akazika wafu, akapatanisha waliogombana? Ni walimu na wazee wa kanisa, watu weusi wa Rungwe, Mwakaleli, Manow na Ubena, na tena wakati wa njaa na magonjwa yaliyofuata vita. Kama misheni ingalikuwa ni Mzungu peke yake, ingalikufa mwaka ule ule. Mwaka 1940 walikamatwa mara ya pili, wala kanisa halikufa. Na bado baada ya hayo walikuwapo waliosema kwamba Mwafrika hajakomaa kujitawala!

Kwa upande wa Iringa kuna jambo la kuchekesha. Wamisheni hao hao wa Berlin walijenga kituo huko Kilolo wakakiita Pommern, jina la jimbo la kwao. Mwaka 1945 sehemu kubwa ya Pommern ya Ulaya iliingia Poland na Wajerumani wakafukuzwa. Pommern ya Kilolo ipo mpaka leo, na watu wake wanalima mahindi yao. Hatuoni sababu ya kulifuta jina hilo. Limekwisha kuwa la wenyeji, kwa kuwa wao ndio waliobaki nalo.

Lakini majina ya walimu wa 1916 yako wapi? Vitabu vingi viliandikwa na Wazungu, na humo mara nyingi mtu wetu ni "mwalimu mwenyeji", basi. Waliokuwa watoto wakati ule wamekwisha kufa. Watoto na wajukuu wao ni wazee sasa, na kila msimu tunawazika wengine.

Tunaomba matawi ya Rungwe, Busokelo, Kilolo na Njombe yafanye kazi hii kabla ya mvua. Katibu achukue daftari moja, aende kwa wazee wa kila mahali palipokuwa na kituo, awaulize: Mzungu alipochukuliwa, nani alibaki na ufunguo wa shule? Aliitwa nani, mtoto wa nani, alizikwa wapi? Hata na kilima kile, awaulize kiliitwaje kabla ya Merensky. Daftari zikija tutazichapa hapa, jina kwa jina.