Mbwa mdogo si mwanasesere

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu ufugaji wa mbwa katika mitaa yetu ya Kinondoni, hasa hawa mbwa wa kigeni ambao siku hizi wananunuliwa kwa ajili ya watoto.

Tangu zamani mbwa wa mjini amekuwa na kazi moja tu, nayo ni kulinda. Hata leo ukipita Mikocheni au Msasani utaona mageti yameandikwa "Mbwa Mkali". Lakini sasa imezuka tabia nyingine. Mzazi anaona picha ya mbwa mdogo mwenye mwili mrefu na miguu mifupi, anapendezwa naye, anamnunua na kumleta nyumbani awe zawadi ya mtoto aliyefaulu mtihani. Mbwa huyo anaitwa Dachshund. Wiki ya kwanza kila mtu anataka kumbeba. Mwezi wa tatu amefungwa mnyororo nyuma ya jiko, anabweka usiku kucha, na majirani hawapati usingizi.

Mimi sipingi watu kufuga mbwa. Ninachopinga ni mtu kufuga mnyama asiyemjua.

Mbwa huyu asili yake ni Ujerumani. Wawindaji wa huko walimzalisha ili aingie mashimoni kumfuata mnyama wa porini ambaye ni jamaa ya nyegere wetu, na jina lake maana yake ndiyo hiyo. Wajerumani wanampenda sana, hata katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ile ambayo John Akii-Bua wa Uganda alipata medali ya dhahabu katika mbio za kuruka viunzi mita 400, alama ya michezo ilikuwa mbwa wa aina hii aliyepewa jina la Waldi.

Sasa, mnyama aliyezalishwa kupambana gizani chini ya ardhi hawezi kuwa mpole kama paka wa kwenye mkeka. Ana moyo mkubwa kuliko mwili wake. Anampenda mwenye nyumba kupita kiasi, lakini mgeni hamwamini. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, ambao ulilinganisha aina nyingi za mbwa, uliwaweka hawa miongoni mwa wale wanaoongoza kwa ukali kwa watu wasiowafahamu. Tena ni mbishi, anapenda kuchimba, na sauti yake ni nzito kuliko umbo lake. Mtu asishangae bustani yake ya mchicha ikifukuliwa. Huyo mbwa anafanya kazi aliyozaliwa nayo.

Jambo la pili ni mgongo. Kwa sababu ya urefu wa mwili na ufupi wa miguu, vile vipande laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo huharibika mapema. Katika kila mbwa wanne au watano wa aina hii, mmoja hupatwa na ugonjwa huo maishani mwake, na wengine hupooza miguu ya nyuma. Kwa hiyo asiachwe kupanda na kushuka ngazi ovyo, wala kuruka kutoka kwenye kochi. Watoto wafundishwe kumbeba kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, wasimwinue kwa miguu ya mbele kama ndoo. Asinenepeshwe kwa makombo ya pilau, maana kila kilo inayozidi inaukandamiza mgongo ule ule. Akianza kulia anapobebwa, au kuyumba anapotembea, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Asiambiwe ni mvivu.

Mbwa huyu anaweza kuishi miaka 12 hadi 16. Mtoto wa darasa la kwanza aliyeletewa zawadi hiyo atamaliza shule kabla mbwa hajafa. Je, mzazi amelifikiria hilo?

Lakini ndugu Mhariri, jambo kubwa lililonifanya nishike kalamu ni chanjo. Katika mtaa wetu mbwa mmoja wa aina hii alimng'ata mtoto wa jirani mkononi. Mtoto alikuwa amemvuta mkia wakati anakula. Mwenye mbwa alipoulizwa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, hakuwa nacho. Alidhani mbwa wa ndani, tena mdogo, hana haja ya chanjo. Mtoto akaanza kupelekwa kuchomwa sindano, na aliyelipa ni baba yake mtoto. Katika kikao cha mtaa baadhi ya wakazi walitaka mbwa wote wa mtaa wauawe.

Hasira ya wazazi wale naielewa, wala siwalaumu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, takriban kila anayeugua hufa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo wale wanaosema kuzungumzia mbwa ni anasa, nawaomba wafahamu kwamba hapa tunazungumzia watoto.

Hata hivyo kuua mbwa wote si dawa. Ukiwaua, unaua pamoja na wale waliochanjwa ambao ndio ngao yetu, na baada ya muda wanaingia wengine ambao hawajachanjwa. Njia iliyothibitika ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, tena kila mwaka. Wenzetu wa Pemba waliupiga vita ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa kisiwani, na walifanikiwa kuukomesha. Kama Pemba imewezekana, kwa nini Kinondoni isiwezekane?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwenye mbwa, awe koko au wa kigeni, aandikishwe katika ofisi ya serikali ya mtaa na aonyeshe cheti cha chanjo kila mwaka. Pili, mbwa asiyechanjwa akimng'ata mtu, gharama zote za matibabu zibebwe na mwenye mbwa, si na aliyeng'atwa. Tatu, walimu wa shule za msingi wawafundishe watoto wasimguse mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Tena wajue kwamba wakiumwa waoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha waende hospitali bila kungoja. Jeraha lisipakwe majivu wala mafuta ya taa.

Liko pia suala la ujirani mwema. Nyumba zetu zimebanana, na wengi wa majirani zetu ni Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Si uungwana kumwachia mbwa akalambe ndoo za watu bombani, halafu ukasema "hang'ati huyo". Mfugaji mstaarabu humfunga kamba mbwa wake anapomtoa nje na huokota kinyesi chake.

Wale waliokwisha kuwa na mbwa hawa wasiwatupe barabarani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na mbwa anayeshinda juani kwenye mnyororo bila maji anateswa. Mpe kivuli, maji, matembezi mafupi asubuhi na jioni jua likiwa chini, na umkague kupe masikioni. Asiyeweza hayo, amnunulie mtoto baiskeli.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Nawaomba wenye mbwa wote wa Kinondoni wasingoje siku hiyo. Waulize sasa kwa bwana mifugo wa kata yao ni lini watachanja, kabla hajang'atwa mtoto mwingine.



Mkazi wa Mwananyamala,
Kinondoni, Dar es Salaam.