Kabla ya Kuiuza Kompyuta ya Mtoto



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, dada yangu aliyeko Tanga alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukata shauri. "Kaka, njoo uichukue hii kompyuta ukaiuze," alisema. "Mwanao ameharibikiwa na magemu. Anakesha nayo, na alfajiri akiamshwa kwa sala anainuka kama mgonjwa." Kijana mwenyewe amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Nami, bila ya kuuliza swali hata moja, nilimjibu kuwa nitafika Ijumaa, na mnunuzi nitamtafuta mwenyewe. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu nilikaribia kutenda kosa, na nadhani wazazi wengi wako karibu na kosa hilohilo.

Ijumaa ile nilifika na mkoba wa kuibebea kompyuta. Mpwa wangu aliniamkia, akaketi kimya, kisha akasema: "Mjomba, najua umekuja kuichukua. Naomba nikuonyeshe kitu kimoja, halafu uende nayo." Akaifungua. Nilitarajia kuona watu wakikimbizana na kupigana. Niliona mistari ya maandishi, mamia kwa mamia, na kando ya kompyuta daftari lililojaa majedwali ya tarakimu yaliyopigwa kwa rula.

"Sichezi gemu, mjomba," alisema. "Naitengeneza mashine."

Mashine aliyoikusudia ni Game Boy, chombo cha kuchezea cha kushika mkononi kilichotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1989. Kilikuwa na kioo cha nukta 160 kwa 144, vivuli vinne tu vya rangi, kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 8, na prosesa inayopiga mara milioni 4 na ushei kwa sekunde. Pamoja na mrithi wake, Game Boy Color, kiliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani, na uundwaji wake ulikwisha zamani. Programu inayoifanya simu ya leo ijifanye kuwa chombo kile, hata gemu iliyoandikwa kwa ajili yake isitambue tofauti, huitwa emuleta.

Kijana alinieleza kwa mfano wa mkalimani. Prosesa ya chombo cha zamani ina lugha yake, yenye amri takriban 500. Prosesa ya simu ina lugha nyingine kabisa. Emuleta hukaa kati yao. Yuko mkalimani anayefasiri neno kwa neno kila linaposemwa, hata likisemwa mara elfu. Huyo ni rahisi kumtengeneza, lakini ni mzito. Yuko mwingine anayefasiri fungu zima mara moja na kuliandika pembeni, likirudiwa husoma alichokwisha kuandika. Huyo wa pili ndiye anayehitajika kwa mashine kubwa zaidi, na kumtengeneza ni kazi ya mabingwa.

Tena kufasiri peke yake hakutoshi. Picha katika Game Boy ilibadilika karibu mara 60 kwa sekunde, na kila picha moja ilichukua mapigo 70,224 ya saa ya ndani ya chombo. Prosesa, mchoro na sauti vilikwenda kwa mapigo hayo kama waimbaji wa kaswida wanaofuata dufu moja. Kimoja kikitangulia kidogo tu, picha hukatika na sauti hukwaruza. Ndiyo maana kuiga mashine dhaifu huhitaji mashine yenye nguvu nyingi. Mtengenezaji wa bsnes, emuleta ya Super Nintendo, alieleza mwaka 2011 kuwa kuiga kwa usahihi kamili prosesa isiyozidi mapigo milioni 3.58 kulimlazimu atumie kompyuta ya mapigo bilioni 3. Katika simu huongezeka na mzigo wa joto na wa betri, na vidole visivyo na kitufe cha kubonyeza.

Nilimuuliza ni kipi kilichokuwa kikimkesheza. Akanionyesha katika simu yake gemu ndogo ikienda vizuri kabisa, ila mahali pa alama, badala ya tarakimu, palitokea vialama visivyosomeka. Amri ilikuwa imekosewa mahali fulani, katika zile 500. Alikuwa ameitafuta kwa siku tisa.

Hapo nilimuuliza swali la pili, ambalo nalo mama yake hakuwa ameliuliza: "Na gemu hiyo umeitoa wapi?"

Aliinamisha kichwa. Alikuwa amenakiliwa na rafiki, naye rafiki hakuwa ameinunua. Ndugu msomaji, hapa ndipo penye kupambanua. Kutengeneza emuleta ni jambo moja, na kuchukua gemu ya mtu bila ya idhini yake ni jambo lingine. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua shauri baina ya Sony na kampuni ya Connectix, iliyotengeneza programu ya kuiga PlayStation. Ilisema kwamba kunakili programu ya ndani ya mashine kwa ajili ya kuichunguza, ili kuunda kitu kipya, ni matumizi ya haki. Lakini mwaka 2024 watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, baada ya kushitakiwa kwamba kazi yao inasaidia kuvunja kufuli za gemu zinazoendelea kuuzwa, walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kuiacha kazi hiyo. Mwenye kujenga kabati hana lawama, lakini vilivyomo ndani ya kabati lazima viwe na mwenyewe anayejulikana.

Kijana hakubishana. Aliifuta gemu ile mbele yangu. Ziko gemu ndogo zilizoandikwa na watu wa leo kwa ajili ya mashine hizo za zamani, na wenyewe wamezitoa bure. Ziko pia programu za majaribio, kazi yake ni kuipima emuleta amri moja baada ya nyingine na kusema ipi imekosewa. Nilimwambia hizo zimtoshe. Alinitazama kwa mshangao kidogo, maana hakutarajia kuwa mjomba aliyekuja na mkoba angezungumzia majaribio.

Kisha nikaenda jikoni kwa dada. Hakuridhika upesi, na alikuwa na haki. "Hata akitengeneza ndege," alisema, "mwili wake ni wa nani? Na sala ya alfajiri itaswaliwa na nani?" Sikuwa na la kumjibu ila kukubali. Mtoto hakuwa mpotevu, lakini alikuwa akiuumiza mwili wake na kumtia mama yake hofu, naye hakuwahi kumweleza hata siku moja anachokifanya. Kosa lilikuwa la pande zote, na langu la kuhukumu kwa simu halikuwa dogo.

Tulikaa watatu tukapatana. Kompyuta italala chumbani kwa mama kuanzia saa nne usiku. Kila Alhamisi kijana atamwonyesha mama alichokifanya wiki hiyo, kwa maneno anayoweza kuyafahamu. Na hakuna gemu itakayoingia katika simu ile bila ya kujulikana mwenyewe ni nani. Nilirudi na mkoba mtupu.

Baada ya wiki moja nilipata ujumbe wake. Hitilafu ameiona mchana, baada ya Alasiri, akiwa amelala vya kutosha. Chombo kile kina amri ya kuyarekebisha matokeo ya hesabu yasomeke kwa tarakimu za kawaida, nayo hutegemea alama ndogo inayokumbuka kama biti nne za chini zimebeba au kukopa. Katika kujumlisha aliiandika sawa. Katika kutoa aliisahau. Mstari mmoja. Siku tisa za kukesha hazikuuonyesha, na mchana mmoja wa akili iliyopumzika uliuonyesha.

Watauliza wengine: faida ya kufufua chombo cha kuchezea ni ipi? Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo haziuzwi tena popote. Zikiharibika mashine zake, zimekwenda. Sisi wa pwani tunajua maana ya sanduku la miswada lililoliwa na mchwa. Na faida iliyo karibu zaidi ni elimu yenyewe. Vijana wetu wengi wanacheza mpira katika simu kwa kutumia PPSSPP, emuleta ya PSP iliyoanzishwa mwaka 2012 na Henrik Rydgård wa Sweden. Wachache wanajua kwamba msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kujifunza. Kati ya anayecheza na anayesoma jinsi kilivyotengenezwa kuna umbali mkubwa, lakini kwa mbali wote wawili huonekana wameinamia kioo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kumtafuta mnunuzi, vuta kiti ukae kando ya mtoto na umwambie akuonyeshe. Huenda ukaona upuuzi, basi uuondoe. Huenda ukaona kazi, basi uiwekee saa na mipaka. Dada yangu ameniambia kuwa Alhamisi iliyopita alikuwa yeye wa kuuliza: "Leo umefika amri ya ngapi?"