Ukoo wa Porcius wa Rumi

Juma hili twende Rumi ya kale tukautazame ukoo mmoja ambao jina lake lilitoka zizini. Raia wa mji ule walikuwa wa namna mbili: Wapatrisia, waliozaliwa katika ubwana, na Waplebei, yaani wengine wote. Sheria ya mwaka wa 367 K.K. ndiyo iliyowahakikishia Waplebei njia ya kufikia cheo cha konsuli. Makonsuli walikuwa wawili, nao waliongoza dola kwa mwaka mmoja.

Watu wa ukoo wa Porcius walikuwa Waplebei, na jina lao latokana na neno la Kilatini lenye maana ya nguruwe. Aliyelipatia sifa kubwa ni Marcus Porcius Cato, mzaliwa wa Tusculum, mji wa vilimani karibu na Rumi, mwaka wa 234 K.K. Alirithi shamba la baba yake katika nchi ya Wasabini, akalima pamoja na watumwa wake, akila mkate ule ule wao. Jirani yake Mpatrisia, Lucius Valerius Flaccus, alisikia habari zake, akamshauri aende mjini. Mwaka wa 195 K.K. wawili hao walikuwa makonsuli pamoja.

Cato aliandika kitabu cha kilimo ambacho kipo hata leo, chenye habari za mizabibu, mizeituni, samadi na kazi za msimamizi wa shamba. Mkulima akikisoma atafaidi mengi. Lakini atakuta pia shauri la kuuza ng'ombe mzee, na mtumwa mzee, na mtumwa mgonjwa. Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya Cato, alimlaumu kwa hayo, nami naona alikuwa na haki. Mtu uliyekula naye mkate mmoja si jembe lililochakaa.

Hata hivyo, ukoo huo ndio uliotoa zile Sheria za Porcius, zilizomkinga raia wa Rumi asipigwe viboko ovyo na wakubwa. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka jinsi Paulo alivyodai kinga ya uraia alipokwisha kufungwa tayari kupigwa.

Cato alipokuwa mzee mjane, alimwuliza karani wake wa zamani, Salonius, kama amekwisha kumpatia binti yake mume. Salonius akajibu kwamba hangefanya hivyo bila kumtaka shauri. Cato akasema, mume yupo, ila ni mzee sana. Karani akamwachia achague mwenyewe, na hapo Cato akamwambia kuwa mume huyo ni yeye. Salonius alishangaa mno, kwa kuwa hakudhani hata kidogo kwamba karani aweza kuwa mkwe wa mtu aliyekuwa konsuli.

Mtoto wa ndoa ile alizaliwa Cato akiwa na miaka 80. Mjukuu wa mtoto huyo ndiye Cato wa pili, aliyempinga Julius Caesar, akajiua Utica, katika nchi iitwayo leo Tunisia, mwaka wa 46 K.K., asiombe msamaha wake. Binti yake Porcia aliolewa na Brutus, mmoja wa waliomwua Caesar mwaka wa 44 K.K. Mwanawe Marcus alifia vitani Philippi miaka miwili baadaye, upande wa Brutus.